Mbona Kasanga Hakuna Watu wa Kuteleza na Mawimbi?

Ukisoma chuo cha mbali na ukajitambulisha kuwa unatoka Rukwa, swali la kwanza huwa la uchawi na la pili huwa la mahindi. Siku hizi limeongezeka la tatu, hasa kutoka kwa wale wanaoshinda kwenye video za simu: "Si mna Ziwa Tanganyika nyie? Mbona hatuoni watu wakisimama kwenye ubao na kuteleza na mawimbi kama kule Hawaii?" Wengi wetu hucheka, mazungumzo yakahamia kwenye bumu. Lakini swali lenyewe ni zuri. Ukilifuatilia hadi mwisho utajua kwa nini ufukwe wa Kasanga haufai kwa mchezo huo, na utajua jambo kubwa zaidi: sababu ileile inayoufanya usifae ndiyo inayoweza kumpeleka mtu katikati ya ziwa akiwa amejilaza kwenye tyubu la gari, huku wenzake wanapiga picha.

Kwanza tuondoe dhana kwamba mchezo huu ni wa wazungu. Hawaii, kuteleza kwa kusimama juu ya ubao kulikuwa mchezo wa wenyeji, watawala kwa raia, kabla meli za Kapteni James Cook hazijafika huko mwaka 1778. Na hapa Afrika, mwanahistoria Kevin Dawson amekusanya maandishi ya wasafiri wa Ulaya yanayoeleza watoto wa pwani ya Afrika Magharibi wakicheza na mawimbi kwa vipande vya mbao tangu karne ya 17. Kwa hiyo suala si rangi wala utamaduni. Suala ni maji, upepo na umbo la ufukwe.

Wimbi linatoka wapi

Mtu wa Ufipa ana bahati: anaweza kujifunza wimbi bila kuliona ziwa. Simama kando ya shamba la ngano upepo ukipita. Utaona kama kitu kinakimbia kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine, lakini hakuna bua hata moja lililohama. Kila bua limeinama na kurudi mahali pake. Maji ya ziwani ni hivyohivyo. Wimbi linasafiri, ila maji yenyewe yanazunguka tu hapohapo, juu, mbele, chini, nyuma. Kinachosafiri ni nguvu iliyotolewa na upepo.

Ukubwa wa wimbi unategemea mambo matatu: upepo ni mkali kiasi gani, umevuma kwa muda gani, na umevuma juu ya maji kwa umbali gani. Hilo la tatu ndilo watu husahau. Upepo mkali kwenye bwawa dogo utatoa viwimbi tu, kwa sababu kabla havijakua vimeshagonga ukingo. Upepo huohuo kwenye bahari, ukipata maelfu ya kilomita za maji matupu, unatoa mawimbi makubwa yaliyopangana vizuri na kuachana mbali.

Kuachana huko kunapimwa kwa sekunde. Wimbi moja limefika ufukweni. Hesabu hadi linalofuata. Kama ni sekunde 12, basi kule kwenye kina kirefu mawimbi hayo yalikuwa yameachana mita 225 hivi na yalikimbia karibu kilomita 67 kwa saa, kasi ya basi kwenye lami. Kama ni sekunde 4 tu, yaliachana mita 25 na yalikimbia kilomita 22 kwa saa hivi, kasi ya baiskeli. Watelezaji wanataka ya kwanza. Ya pili huja moja juu ya jingine. Kabla hujasimama kwenye ubao, la nyuma limeshakuangusha.

Kisha wimbi linafika penye kina kifupi. Likianza kuigusa ardhi ya chini linapunguza mwendo, linabanana, linainuka, na mwisho linapasuka. Kanuni ya haraka ni kwamba hupasuka pale ambapo kina cha maji kimezidi kidogo tu kimo cha wimbi. Wimbi la mita 1 hupasuka penye kina cha mita 1.3 hivi. Chini kukiwa na mchanga unaoteremka polepole, kilele hakidondoki kwa kishindo. Kinamwagika taratibu kwa mbele, povu likitiririka, na wimbi linaendelea kusukuma kwa mita nyingi. Hilo ndilo wimbi la mwanafunzi wa mchezo huu. Chini kukiwa na mteremko mkali, wimbi linapinduka lote kwa mara moja na kukubamiza.

Mahali ambapo mambo yote yamekubali

Afrika inao ufukwe mmoja maarufu wa namna hiyo ya upole, nao ni Muizenberg, karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Uko ndani ya ghuba, una mchanga mrefu unaoteremka polepole, na mawimbi ya bahari ya kusini huingia humo yakiwa yameshapungua makali. Mwaka 1922 mwandishi wa hadithi za upelelezi Agatha Christie, akiwa safarini na mumewe, alijifunzia huko kuteleza kwa kulalia ubao, kabla ya kwenda kujifunza kusimama Hawaii. Mpaka leo ndiko wanaoanza wanakopelekwa.

Maji ya huko ni ya baridi. Wakati wa kipupwe hushuka hadi nyuzi joto 15 hivi. Sisi tuliozoea asubuhi za Juni pale Sumbawanga tunaweza kusema hiyo si kitu, koti moja linatosha. Hapana. Maji huvuta joto la mwili kwa kasi ambayo kwa makadirio ya kawaida ni mara 25 ya hewa. Nyuzi 15 za hewani na nyuzi 15 za majini si ndugu. Ndiyo maana wateleza mawimbi wa sehemu za baridi huvaa suti ya mpira laini uliojaa viputo vya hewa. Suti hiyo haizuii maji yasiingie. Inaruhusu kiasi kidogo tu, mwili unayapasha joto, na mpira unazuia joto hilo lisitoke.

"Sawa, lakini hiyo ni bahari." Ndiyo, ila hata maziwa yana watelezaji. Nenda Sheboygan, mji wa jimbo la Wisconsin, Marekani, kwenye ufukwe wa Ziwa Michigan. Watu wanateleza huko, na msimu wao mzuri ni vuli na majira ya baridi, wengine wakitoka majini na barafu kwenye ndevu. Ziwa hilo lina urefu wa karibu kilomita 490 na upana unaofika kilomita 190, na dhoruba za miezi hiyo huvuka maji hayo mapana kwa nguvu, zikaishia kwenye fukwe za mchanga zinazotazamana nazo. Angalia neno hilo: zinazotazamana nazo. Tutalirudia.

Nyumbani pia kuna sehemu chache. Pwani yetu ya Afrika Mashariki kwa kiasi kikubwa imezungukwa na miamba ya matumbawe, na mawimbi ya bahari huvunjikia huko nje. Ndiyo maana Paje, Zanzibar, unaona watu wakivutwa kwenye maji matulivu kwa tiara kubwa, lakini wa kuteleza na wimbi tupu ni wachache. Malindi, Kenya, ni tofauti. Karibu na mlango wa mto Sabaki maji ya tope yamefanya matumbawe yasishamiri, kuna pengo, na miezi ya kusi mawimbi huingia hadi kwenye mchanga.

Sasa turudi Kasanga

Kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi Kasanga ni zaidi ya kilomita 100, na njiani unateremka karibu kilomita moja kwenda chini, kutoka uwanda wenye ubaridi hadi ziwa lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukifika unaona maji hadi macho yanachoka. Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi, ndefu kuliko Michigan. Umbali wa upepo kuvuma upo. Shida iko wapi?

Shida ni kwamba ziwa hili ni refu lakini jembamba, wastani wa kilomita 50 tu kwa upana, na limelala kutoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi. Upepo wake mkubwa, ule wa kiangazi kuanzia Mei hadi Septemba, nao unatoka kusini mashariki. Yaani upepo unalifuata ziwa kwa urefu, na unaanzia upande wetu. Simama kwenye mchanga wa Kasanga mwezi Julai ukitazama maji: upepo unakupiga mgongoni. Wimbi linaanza pale miguuni pako likiwa dogo, linakwenda zake, linakua likielekea kaskazini. Wanaolipokea likiwa limeshiba ni watu wa huko mbele, hadi Burundi. Sisi tuko mahali linapozaliwa, na wimbi changa halibebi mtu.

Kuna sababu ya pili, nayo ni chini ya maji. Tanganyika ni ziwa la Bonde la Ufa, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na kina chake kikubwa ni kama mita 1,470. Ule mlima unaouteremka kwa gari haukomei ukingoni, unaendelea kuteremka majini. Mchanga upo, hasa panapoingia mito, lakini sehemu nyingi hakuna ule mteremko mrefu wa taratibu unaoliandaa wimbi limwagike vizuri.

Lakini upepo huo haufanyi kazi ya bure. Unaposukuma maji ya juu yenye joto kwenda kaskazini, maji ya chini yaliyo baridi zaidi yanapanda huku kusini kujaza nafasi. Ndiyo maana kiangazi maji ya upande wetu hupoa hadi nyuzi 24 hivi. Maji hayo yanapanda na rutuba, mimea midogo ya majini inapata chakula, wadudu wanakula mimea, dagaa wanakula wadudu, migebuka wanakula dagaa. Sahani yako ya mgahawani inaudai upepo huo. Na upepo ukilegea mwishoni mwa kiangazi, maji yale ya joto yaliyorundikana kaskazini yanarudi kusini, yanapitiliza, yanarudi tena, kama uji kwenye bakuli lililotikiswa, kila mzunguko ukichukua wiki tatu hadi nne. Hilo ni wimbi la ndani ya ziwa. Ukiwa ufukweni hulioni kabisa.

Utulivu unaodanganya

Hapa ndipo swali la mchezo linapogeuka kuwa swali la uhai.

Watelezaji duniani kote wanapenda upepo wa kutoka nchi kavu, kwa sababu unalishikilia wimbi lisipasuke mapema na unausafisha uso wake. Lakini wana kinga moja: wimbi. Upepo ukiwasukuma nje, wimbi linawarudisha ufukweni. Kasanga kiangazi upepo wa kutoka nchi kavu upo, wimbi la kukurudisha halipo. Na kwa kuwa maji ya karibu na mchanga hayajachafuka, yanaonekana salama kuliko siku yoyote.

Fanya hesabu. Mtu amejilaza kwenye tyubu au ameshikilia dumu tupu. Vitu hivi vinaelea juu, upepo unavishika kama tanga. Tuseme unamsukuma nusu mita kwa sekunde, mwendo mdogo kuliko wa mtu anayetembea akichati. Ndani ya dakika moja yuko mita 30 mbele. Ndani ya dakika kumi yuko mita 300. Akigeuka anaona watu wadogo ufukweni, anahofu, anaachia tyubu ili aogelee kurudi, na sasa anaogelea dhidi ya upepo, na mbele zaidi mawimbi yanaanza kukua. Kosa la kwanza lilikuwa kuamini utulivu. La pili, lililo kubwa zaidi, ni kuachia kitu kinachoelea.

Utulivu wa pili unaodanganya ni wa siku ambazo mawimbi yanakuja ufukweni kweli, kama wakati wa dhoruba za masika zinazopiga kutoka upande wa ziwa. Kila wimbi linaleta maji nchi kavu, na maji hayo lazima yarudi. Hayarudi kila mahali sawasawa. Yanatafuta njia yenye kina kidogo zaidi ya jirani zake, yanapita hapo kama mto. Ukitazama utaona mawimbi yanapasuka kushoto na kulia, ila katikati kuna uchochoro ambao hayapasuki, maji yakiwa meusi zaidi au yakibeba tope na povu kwenda nje. Asiyejua atachagua kuogelea hapohapo, maana ndipo palipotulia. Watelezaji wazoefu huutumia mkondo huo kutoka nje bila kuchoka, kama mtu anavyopanda bodaboda. Wao wana ubao na wanajua njia ya kurudi.

Mkondo huo hauvuti mtu chini. Unampeleka mbele tu. Anayezama huzama kwa kuchoka, kwa sababu anapigana nao uso kwa uso. Ukinaswa, elea, pumua, inua mkono uonekane. Kisha ogelea kwa ubavu, sambamba na ufukwe, hadi utoke kwenye uchochoro, ndipo ugeukie mchanga pale mawimbi yanapopasuka ili yakusaidie.

Inasemwa kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni kuutupa uchawi. Mtu akizama mahali maji yalipoonekana shwari, minong'ono huanza: alichukuliwa, palikuwa na kitu. Simcheki anayesema hivyo, msiba hutafuta maneno. Ila minong'ono ina hasara moja: haimfundishi atakayekuja Jumamosi ijayo. Upepo wa mgongoni na uchochoro wa maji vina maelezo, na maelezo hayo yanafundishika ndani ya robo saa.

Kabla hamjapanda basi

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa. Mara nyingi utasikia maneno ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Usiyasome kama tangazo la mvua. Nguvu ya wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake, kwa hiyo la mita 2 lina nguvu mara nne ya la mita 1. Pia, watabiri wa mawimbi kwa kawaida hutaja wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Ndani ya kundi hilohilo, moja moja linaweza kukaribia maradufu ya kimo kilichotajwa.

Muizenberg wana watu kilimani wanaotazama papa na kupandisha bendera kuwaambia waogeleaji hali ilivyo. Sisi hatuna bendera, lakini tuna wavuvi. Mzee anayeingiza mtumbwi majini kila jioni anajua upepo unageuka saa ngapi, mamba alionekana wapi wiki hii, na sehemu zipi zina konokono wa kichocho. Salamu na dakika tano za kumsikiliza hazitakupunguzia kitu. "Shikamoo baba, leo maji yakoje?" ni swali la kitaalamu.

Ukifika ufukweni, rusha majani makavu juu. Yakielekea ziwani, basi siku hiyo hakuna tyubu wala dumu, na kuoga kuishie kwenye kina cha kiuno. Anayeingia majini awe na wa kumtazama aliye nje, ambaye hayuko kwenye simu. Kamba ndefu na dumu tupu lililofungwa mwisho wake ni kifaa cha kuokolea ambacho hakizidi bei ya kreti mbili za soda. Ukimwona mwenzio anapelekwa, usimrukie mikono mitupu. Mrushie kinachoelea, piga kelele, tafuta mtumbwi.

Na kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi: bajeti za safari za ziwani tunazijua. Kuna mstari wa basi, wa chakula, wa spika. Mstari wa majaketi okozi utafute kwa tochi. Pendekezo langu ni rahisi. Kabla spika haijakodiwa, majaketi yakodiwe, na kabla basi halijaondoka, mtu mmoja asimame aeleze upepo unatoka wapi leo. Vyuo vyetu vinafundisha hidroliki, jiografia na fizikia ya mawimbi, na wengi wetu tunafaulu mitihani hiyo bila kujua kuelea kwa dakika mbili. Chuo kilicho karibu na ziwa la pili kwa kina duniani kinastahili klabu ya kuogelea kabla ya kustahili vingine vingi.

Kwa hiyo ukiulizwa tena mbona Kasanga hakuna wa kuteleza na mawimbi, jibu unalo: kwetu ndiko wimbi linakoanza, na wanaolipokea wako kaskazini. Kisha mwambie na lile la pili, kwamba siku ziwa limetulia na upepo uko mgongoni ndiyo siku ya kuacha tyubu kwenye basi.